Kabla hujaambiwa una PCOS, umepimwa prolaktini?

Wiki iliyopita tulimaliza mada ya kumwachisha mtoto ziwa. Maswali yaliyofuata yakawa karibu yote ya aina moja: "Nesi, mtoto nimemwachisha muda mrefu, siku zangu hazijarudi. Nimepiga picha ya tumbo nikaambiwa nina PCOS. Nitumie nini?"

Leo najibu. Posti ni ndefu, nimeigawa kwa namba ili unyonyeshe, upike, urudi uendelee.

Nianze na msimamo wangu, asiyeweza kumaliza aondoke nao. Mwanamke asipewe jina la PCOS kwa kuangalia picha ya ovari peke yake. Kabla ya jina hilo apimwe mimba, apimwe homoni ya tezi ya shingo (TSH), na apimwe prolaktini. Hicho cha tatu ndicho kinachorukwa sana. Na ndicho kinachoweza kuonyesha kwamba tatizo lako haliko kwenye kizazi kabisa, liko chini ya ubongo.

1. HEDHI INAANZIA KICHWANI

Tumezoea kusema "kizazi changu kina shida". Lakini amri ya hedhi haitoki kwenye kizazi. Chini ya ubongo, nyuma ya pua huko ndani, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Hiyo ndiyo inayotuma homoni za FSH na LH kwenda kwenye ovari ili yai likue, lipevuke na litoke. Yai likitoka na mimba isipoingia, unaona siku zako.

Tezi hiyohiyo ndiyo inatengeneza prolaktini, homoni ya maziwa. Prolaktini ikipanda sana, inauzuia ubongo kutoa ile amri ya kutuma FSH na LH. Ndiyo maana mama anayenyonyesha usiku na mchana anaweza kukaa miezi bila kuona siku zake. Huo siyo ugonjwa, ni mpango wa mwili.

Sasa shida inakuja prolaktini ikipanda wakati huna mimba na hunyonyeshi. Mwili hauulizi mtoto yuko wapi. Unafunga hedhi vilevile, na wakati mwingine maziwa yanatoka bila mtoto.

2. PCOS NI NINI, NA SIYO NINI

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika kuhusu wanawake 7 wenye matatizo ya hedhi ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zimejaa vivimbe vidogo. Jina likashika hapo, kwenye vivimbe. Kumbe vile siyo vivimbe vya hatari. Ni vijifuko vya mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani.

PCOS yenyewe ni hali ya mwili mzima. Homoni za kiume zinakuwa juu kuliko inavyotakiwa, insulini mara nyingi haifanyi kazi vizuri, mayai hayapevuki kwa mpangilio. Ndipo unapata chunusi zisizoisha, ndevu kidevuni, hedhi inayokuja baada ya miezi miwili mitatu, na kwa wengi uzito unaong'ang'ania tumboni. Inampata karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa. Ni nyingi, ni ya kweli, na sisemi haipo.

Ila sikia hili. Mwaka 2003 wataalamu walikutana Rotterdam, Uholanzi, wakakubaliana namna ya kuitambua. Walisema uwe na angalau mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuwa juu, na ovari zenye vijifuko vingi kwenye picha. Kisha wakaongeza sharti ambalo huku kwetu linasahaulika: baada ya kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 bado unasema hivyohivyo.

Kwa hiyo PCOS ni jina linalotolewa mwishoni. Sisi tumeligeuza kuwa jina la kwanza.

Na kwa mabinti: ambaye hajatimiza miaka 8 tangu avunje ungo, picha ya ovari haitakiwi kutumika kabisa kumwambia ana PCOS. Ovari za binti wa umri huo kuwa na vijifuko vingi ni kawaida. Hata kwa wanawake wazima, wengi wenye ovari za namna hiyo wanaona siku zao vizuri na wanazaa bila shida.

3. UVIMBE WA PITUITARI

Nikitaja uvimbe kichwani najua moyo umeruka. Tulia kwanza. Uvimbe wa pituitari karibu wote siyo saratani. Hausambai mwilini. Aina inayoongoza kati ya zile zinazotoa homoni ni ya kutengeneza prolaktini. Kitaalamu inaitwa prolaktinoma, na inawapata zaidi wanawake wa kati ya miaka 20 na 50, yaani wakati uleule tunaoambiwa tuna PCOS.

Mwingi ni mdogo, chini ya milimita 10. Mdogo hivyo haukandamizi kitu, ila prolaktini yake inatosha kufunga hedhi. Ukiwa mkubwa unaweza kugusa mishipa ya macho inayopita juu yake. Hapo mtu anaanza kupoteza kuona pembeni, kulia na kushoto. Anagonga milango, bodaboda inamtokea ghafla, anadhani ni uchovu wa kulea.

Watu wananiuliza kama PCOS inageuka kuwa uvimbe wa kichwa. Hapana. PCOS haizai uvimbe wa pituitari, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa bahati tu. Shida yetu ni kwamba vinafanana kwa nje. Na mwenye PCOS akikutwa prolaktini iko juu waziwazi, isifunikwe kwa kusema "ni hiyohiyo PCOS yako". Itafutwe sababu yake.

4. VINAFANANA WAPI, VINAACHANA WAPI

Vinafanana kwenye hedhi kuruka au kupotea, kuchelewa kupata ujauzito, na hata uzito kuongezeka.

Vinaachana hapa:

– Maziwa. Kutokwa maziwa wakati huna mimba na hujanyonyesha kwa zaidi ya miezi 6 siyo dalili ya PCOS. Hata tone moja unapobonyeza, litaje kwa daktari.

– Ukavu. Prolaktini ikipanda, homoni ya kike ya estrojeni inashuka. Tendo la ndoa linauma, hamu inapotea, na ikikaa miaka mifupa inapungua uimara. Mwenye PCOS kwa kawaida estrojeni anayo. Hatari yake ni nyingine: ukuta wa kizazi unaendelea kunenepa bila kutoka, na hilo likikaa miaka linaongeza hatari ya saratani ya ukuta huo.

– Ndevu na chunusi. Zikiwa nyingi zinaelekeza zaidi PCOS. Hedhi imepotea kabisa na ngozi yako ni laini, huna kinyweleo kidevuni? Uliza mara mbili.

– Kichwa na macho. Kuumwa kichwa kusikoisha pamoja na kutoona vizuri pembeni hakuhusiani na ovari.

5. FAILI LA NAILONI

Dada mmoja wa miaka ishirini na kitu, nabadilisha mambo kadhaa asitambulike, alikuja kliniki na faili la nailoni. Ndani mna picha nne za ovari kutoka sehemu nne. Zote zimeandikwa PCOS. Miaka mitatu. Ameshatumia metifomini, vidonge vya kuleta hedhi, na chupa za dawa ya "kuweka homoni sawa" alizotumiwa kwa basi. Ndoa inayumba, mawifi wameshaanza kuhesabu miaka.

Nikamuuliza, maziwa yanatoka? Akainama. Akasema yanatoka tangu mwaka wa kwanza, ila hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye aliona aibu kusema kwa kuwa hajawahi kuzaa. Kwenye faili lote lile hapakuwa na jibu hata moja la prolaktini. Alipopimwa ilikuwa juu mara nyingi kupita kawaida. Akapewa rufaa, kikakutwa kivimbe kidogo.

Mnaona kinachonikera? Kuugua ni kitu cha binadamu. Kinachonikera ni ile miaka mitatu, na kwamba swali lililokuwa linatakiwa linachukua sekunde tano.

6. VIDONGE VYA KULETA HEDHI VINAWEZA KUFICHA

Hili naomba lisomwe polepole. Ukipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili "hedhi ikae sawa", damu itatoka kila mwezi. Damu ile inaletwa na vidonge. Haimaanishi kwamba yai limepevuka wala kwamba pituitari imepona. Ukiacha, hali inarudi palepale.

Kwa mwenye PCOS iliyothibitishwa, vidonge hivyo ni tiba nzuri, vinalinda ukuta wa kizazi. Siwapingi. Napinga kuvianza kabla ya kupima. Mwenye uvimbe wa pituitari atatulizwa na damu ya kila mwezi, na uvimbe uendelee kukaa bila mtu kuujua.

Na hizi dawa za mtandaoni za "mvurugiko wa homoni"? Nikuulize: homoni ipi? Ziko nyingi mwilini. Anayekuuzia dawa ya kurekebisha homoni bila kujua ni ipi imepanda na ipi imeshuka, anakuuzia matumaini kwenye chupa.

7. "NESI, VIPIMO NI HELA"

Kweli. Na wenzangu kazini wananiambia pia, mbona uvimbe huu ni nadra, wengi mwishowe wanakutwa na PCOS kweli. Nakubali. Wanawake wengi mnaosoma hapa mkipimwa, prolaktini itakuwa sawa tu.

Lakini hesabu upande wa pili. Kipimo ni damu, sindano moja. Picha za ovari tunarudia tatu, nne, tano, kila kituo kinataka yake. Hela ya picha ya pili na ya tatu ingetosha kuanzia vipimo vya damu. Wenye bima ulizeni kama kinalipiwa mahali mnapotibiwa. Zahanati isiyo na kipimo hicho ina fomu ya rufaa, na kuomba rufaa siyo ujeuri.

8. LAKINI USIKIMBILIE MRI

Najua kuna mtu hapo ameshaanza kutafuta hela ya MRI ya kichwa. Subiri.

Watu wazima wenye afya njema ukiwapiga MRI, karibu 1 kati ya 10 unaweza kumkuta na kidoa kidogo kwenye pituitari ambacho hakifanyi lolote. Ni mtego uleule wa picha ya ovari. Picha bila damu na bila historia yako inaweza kukupa ugonjwa usio nao. Damu kwanza, picha baadaye.

Na damu nayo ina mambo yake. Kwa maabara nyingi, mwanamke asiye na mimba wala hanyonyeshi anatakiwa awe chini ya 25 hivi, kwa kipimo cha nanogramu kwenye mililita. Ikiwa imepanda kidogo usilie. Inaweza kupandishwa na msongo, mazoezi makali, kubonyezabonyeza matiti, tezi ya shingo iliyolegea, figo, au dawa. Metoklopramaidi ya kutapika inapandisha. Domperidoni, ambayo baadhi ya mama wanapewa ili maziwa yaongezeke, inapandisha. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli zinapandisha pia. Usiache dawa yako mwenyewe, mwambie daktari unayotumia. Ikipita 200, shaka ya uvimbe inakuwa kubwa. Zilizo katikati hurudiwa na kuchunguzwa.

Siku ya kipimo nenda umetulia, angalau saa moja au mawili yawe yamepita tangu uamke, na usiyaminye matiti kuhakikisha kama maziwa bado yapo. Wengi mnafanya hivyo. Acheni.

9. MWINGINE ANAYEFANANA NA PCOS

Mwaka 1912 daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, Harvey Cushing, aliandika habari za mwanamke wa miaka 23 anayejulikana kwenye vitabu kama Minnie G. Alinenepa tumboni, akaota nywele usoni, hedhi ikakatika. Kwa macho ya leo, angeingia kituo kingine angetoka na karatasi ya PCOS. Baadaye, mwaka 1932, Cushing alieleza uhusiano wa hali hiyo na vivimbe vidogo vya pituitari. Ugonjwa huo leo unabeba jina lake. Uvimbe unaiamuru tezi iliyo juu ya figo kutoa kotisoli nyingi kupita kiasi.

Ni nadra sana, lakini dalili zake zikumbuke: michirizi mipana ya zambarau tumboni (hii ni tofauti na ile ya ujauzito inayofifia), ngozi nyembamba inayovilia damu ukigongwa kidogo, uso kuvimba mviringo, mikono na miguu kukonda huku tumbo linakua, kushindwa kuinuka kutoka kwenye kigoda, presha na sukari katika umri mdogo. Ukiona haya pamoja, usiambiwe "punguza wali" ukaondoka.

10. UKIKUTWA NAYO, MAISHA YANAENDELEA

Prolaktinoma ni katika vivimbe vichache vya kichwani ambavyo tiba yake ya kwanza kwa kawaida ni vidonge. Kabegolini mara nyingi humezwa mara moja au mbili kwa wiki. Bromokriptini humezwa kila siku. Prolaktini inashuka, uvimbe kwa wengi unasinyaa, hedhi inarudi. Upasuaji upo, mara nyingi hupitia puani, kwa wale ambao dawa haikuwatosha au hawakuivumilia. Hapa kwetu MRI zipo hospitali kubwa kama Muhimbili, na upasuaji wa ubongo unafanyika taasisi ya MOI palepale Muhimbili.

Angalizo kwa wanandoa: yai linaweza kupevuka kabla hata hujaona hedhi ya kwanza. Kama hamjajipanga, tumieni kinga. Kama mnatafuta mtoto, mkishika mimba mwambieni daktari mapema, kwa sababu kwa kawaida dawa husimamishwa na mama akafuatiliwa. Na kunyonyesha? Kwa wengi inaruhusiwa, kunyonyesha hakuukuzi uvimbe. Ila dawa ile inakausha maziwa, ndiyo maana mpango wake upangwe na daktari kabla hujajifungua.

Mwenye PCOS naye ana njia zake: kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kama umezidi, metifomini kwa anayeihitaji, letrozoli ya kupevusha mayai kwa anayetafuta mtoto. Njia ni tofauti kabisa. Ndiyo maana jina sahihi lina maana.

11. KWA MAMA WAKWE, KINA BABA NA WAZAZI

Binti ambaye hajaolewa akianza kutokwa maziwa, nyumba nyingi zinafikia neno moja: "ametoa mimba". Anapigwa, anafukuzwa, anapelekwa kuombewa au kwa mganga kwa kuwa eti ana jini mahaba. Mzazi, pima mimba kama una wasiwasi, ni haki. Ikiwa haipo, anayefuata ni daktari. Maziwa siyo ushahidi wa dhambi.

Mama mkwe, mkeo wa mwanao asiposhika mimba, usimtangaze tasa mtaani. Na baba, ongozana naye siku ya vipimo. Mbegu zako nazo zipimwe siku hiyohiyo. Prolaktini ikipanda kwa mwanaume nayo inaua hamu na nguvu, basi tu nyie hamsemi.

12. UKIENDA HOSPITALI, ULIZA HAYA

a) "Nimepimwa mimba, TSH na prolaktini?" 
b) "Jina PCOS limetokana na mambo gani mawili kati ya yale matatu?"
c) "Dawa ninazotumia zinaweza kupandisha prolaktini?"
d) "Jibu likiwa juu, tunarudia lini, na rufaa naenda wapi?"

Taja mwenyewe maziwa, kichwa, macho na ukavu hata usipoulizwa. Majibu yako yote yaweke kwenye bahasha moja, usiyaache hospitali.

Na hii haingoji kliniki: kichwa kuuma ghafla vibaya mno, unatapika, macho yanapoteza kuona au unaona viwiliviwili. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, inaweza kuwa uvimbe umevuja damu.

Wenzangu wa kazi mnaosoma, nanyi nawaomba kitu kimoja. Kabla hujaandika zile herufi nne kwenye karatasi ya mtu, muulize kama maziwa yanatoka. 

Sehemu ijayo tutaongelea tezi ya shingo baada ya kujifungua, ile inayofanya mama achoke mpaka aitwe mvivu. Mpaka hapo, mtumie posti hii dada mwenye faili la picha nyingi na jibu la prolaktini hana.